Barafu Inahitaji Shahidi

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafu za Milimani, na tarehe 21 Machi ikatengwa kuwa siku yake kila mwaka. Hapa Lubumbashi mwanzo wa mwaka huo ulipita bila mtu kugeuka, wala siwalaumu walioupuuza. Ilikuwa miezi ile ile Goma na kisha Bukavu ziliposhikwa na waasi wa M23, na masikio ya mji mzima yalikuwa kwenye redio na simu, watu wakitafuta habari za ndugu zao wa Kivu. Mimi lakini tangazo hilo lilinirudisha kwenye vipindi vya maisha yangu ambavyo nilikuwa sijavipanga pamoja. Nilisoma katika shule za Zaïre, ambako mlima Ruwenzori ulikuwa doa jeupe kwenye ramani ya ukutani. Tulikariri kimo chake bila kutarajia kuuona. Baadaye masomo yalinipeleka Ulaya, nikajua safari zile za siku moja zinazoondoka mjini alfajiri kuelekea mapango ya barafu ya Alps na kurudi jioni. Kisha nikarudi Katanga, nchi yenye mapango, maporomoko na nyanda za juu ambazo watu wengi wa mji huu hawajazikanyaga. Nikiyaweka hayo pamoja napata jambo moja la kudai. Safari ya siku moja yenye mwongozaji, ile tunayoiona kuwa starehe ya wazungu na ya wenye nafasi, ni chombo cha kutunza ushahidi. Jamii isiyo nacho hupoteza mambo makubwa bila hata kujua yamepotea lini.

Nianze na pango lenyewe, maana wengi hapa hawajawahi kuelezwa kwa nini barafu ikae ndani ya mlima wakati nje majani yamechanua. Juu ya kijiji cha Werfen, karibu na Salzburg huko Austria, kuna pango liitwalo Eisriesenwelt. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 40, ingawa barafu iko katika kilomita ya kwanza tu kutoka mlangoni. Mlima huo una mlango wa chini na nyufa nyingi za juu. Majira ya baridi hewa ya ndani huwa na joto kuliko ya nje, hupanda na kutokea juu, na hewa ya baridi kali huvutwa ndani kupitia mlango wa chini na kuugandisha mwamba. Theluji ya nje inapoyeyuka, maji yake hupenya kwenye nyufa na kuganda yanapougusa mwamba huo. Kiangazi upepo hugeuka, hewa nzito ya baridi hushuka na kutoka mlangoni kwa nguvu inayoweza kuzima taa za wageni. Mambo haya hayaelezwi na ubao wala kijitabu. Huelezwa na mwongozaji, naye haruhusu mtu yeyote kuingia peke yake, huwagawia wageni taa za kabidi, huwakataza kupiga picha, huwapandisha ngazi mamia na kuwashusha mamia mengine, na ndani ya saa moja na robo hivi huwa amewafanya waelewe kwamba barafu ile haikuwekwa pale mara moja. Hutengenezwa na mlima unaopumua mwaka baada ya mwaka. Anton Posselt aliingia humo mwaka 1879 na kwenda mita kama 200. Pango likafunguliwa kwa wageni mwaka 1920. Tangu hapo, karibu kila majira ya kiangazi, kumekuwa na watu wanaoingia kila siku kwa kazi, wanaojua nguzo ipi imenenepa na ipi imekonda. Hicho ndicho ninachokiita shahidi.

Ushahidi huo unaonekana zaidi Chamonix, Ufaransa, kwenye mto wa barafu wa Mer de Glace. Treni ya Montenvers imepandisha wageni huko tangu 1909. Pango la pale si la asili: huchongwa upya kila mwaka ndani ya barafu yenyewe, kwa sababu barafu hutembea na kulipeleka la mwaka jana bondeni. Mwisho wa miaka ya 1980 mgeni aliyeshuka kwa kibebeo cha kamba alifika pangoni karibu bila ngazi. Miaka iliyofuata ngazi ziliongezwa, zikapita 500, kwa sababu barafu ilizidi kushuka chini, hadi kukajengwa kibebeo kipya sehemu ya juu zaidi ya bonde. Njiani pamewekwa vibao vyenye mwaka vinavyoonyesha barafu ilifika wapi wakati huo. Mtu anayeshuka na kupita kibao cha mwaka aliozaliwa mtoto wake haambiwi tena kwamba dunia inapata joto. Amelipima joto hilo kwa magoti yake. Kuna wanaosema biashara ya utalii ndiyo iliyoleta ngazi zile, na ni kweli. Wafanyabiashara walizijenga ili wauze tiketi. Lakini kwa kuwa walilazimika kuongeza ngazi kila msimu, hesabu ya kupungua kwa barafu ikaandikwa kwa chuma kwenye mwamba, mbele ya umati, na hakuna serikali inayoweza kuikana. Uswisi, kwenye barafu ya mto Rhône, wenye pango wamefika hatua ya kulifunika kwa mablanketi meupe wakati wa kiangazi. Hawataizuia barafu isiishe, ila kila anayepita barabarani huona mablanketi na kuuliza sababu.

Sasa tuulinganishe mlima wetu. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alipanda Ruwenzori na kilele kirefu kikapewa jina la malkia wa Italia, Margherita, mita 5,109, juu ya mpaka wa Kongo na Uganda. Mpiga picha wake Vittorio Sella aliacha picha za barafu zile, na kwa kulinganisha na kumbukumbu za wakati huo wataalamu wamekadiria kwamba barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5. Mwaka 1932 Xavier de Grunne aliongoza msafara wa Wabelgiji upande wetu, wakachora ramani na kupima. Kufikia mwanzo wa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Shirika la UNESCO lilitoa ripoti mwaka 2022 likisema kwamba barafu za mwisho za Afrika katika maeneo ya urithi wa dunia huenda zikatoweka kufikia mwaka 2050. Tazama basi ushahidi wetu umetengenezwa na nani: mwanamfalme wa Italia, mtukufu wa Kibelgiji, wataalamu wa vyuo vya mbali na picha za setilaiti. Wapagazi waliobeba mizigo hiyo kupita vibanda vya Kalonge na Mahangu hadi Kiondo waliiona barafu kwa macho yao kwa vizazi kadhaa, wakajua jiwe lipi lilikuwa limefunikwa na lini lilitokeza. Hakuna aliyeweka kibao. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kudumu ya kuwaeleza watoto wa Beni au Butembo, sembuse wa Lubumbashi, kile alichokiona mwaka huu na ambacho hakukiona mwaka jana. Parki yenye upande wetu wa mlima huo, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert na leo inaitwa Virunga, imo katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1994. Kwa hiyo karibu kilomita sita za mraba za barafu ziliondoka huku mashahidi wakiwepo lakini hawakuulizwa.

Kwamba neno la mwongozaji ni ushahidi halali si wazo geni Afrika Mashariki. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona Kilimanjaro, alikuwa akisafiri na Bwana Kheri, mkuu wa msafara, Mswahili aliyezijua njia za bara. Rebmann aliandika kwamba alipouliza weupe ule wa juu ni nini, aliyemwongoza alimjibu kuwa ni baridi tu. Jibu hilo, pamoja na habari za watu wa Machame waliokwenda kuuchota weupe huo, vilimtosha kuelewa kwamba anaangalia theluji. Wanajiografia wa London walikataa. William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika, alishikilia kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mtu wa njia alikuwa sahihi na mtu wa maktaba alikosea, na ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka wapimaji wengine wakampa haki yule wa kwanza. Hans Meyer alipofika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa amemwacha kambini kwenye baridi ile Mwini Amani wa Pangani, ambaye bila yeye safari ingevunjika. Tanzania imefanya ambacho sisi hatujafanya: imegeuza kazi ya akina Mwini Amani kuwa ajira yenye leseni, mafunzo na kiburi cha kifamilia pale Marangu na Moshi. Ndiyo maana mwongozaji wa Kilimanjaro anaweza kukuonyesha mahali ambapo barafu ilifika alipoanza kazi. Mlima ule umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912, na maelfu ya Watanzania wanalijua hilo kwa kuwa limepita machoni pao wakiwa kazini.

Katanga haina barafu. Ina mapango, na historia ya pango mojawapo ndiyo inayonifanya nisikubali kwamba haya ni mambo ya burudani. Wakati wa Dola Huru ya Kongo, enzi za Leopold II, chifu wa Wasanga aliyeitwa Mulume Niama aliongoza uasi uliomuua afisa mmoja wa dola. Askari waliwafuata yeye na watu wake hadi kwenye pango kubwa la chokaa na kuwazingira. Walikataa kujisalimisha. Miezi mitatu baadaye askari walipoingia walikuta maiti 178. Kisha, kama alivyosimulia Adam Hochschild katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu utawala wa Leopold, waliporomosha udongo ili alama zote za pango zifutike, wasije watu wakapafanya mahali pa kuwaheshimu mashujaa. Afisa aliyetoa amri hiyo alielewa jambo ambalo sisi tumelisahau. Alijua kwamba kumbukumbu hukaa mahali, na kwamba mahali hufanya kazi pale tu ambapo mtu mmoja anaweza kumshika mwingine mkono na kumwambia: hapa. Ukiliondoa pango, au ukimwondoa anayeongoza, matokeo ni yale yale. Wakoloni waliondoa pango. Sisi, kwa uzembe, tumemwondoa mwongozaji, kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari hapa mjini anaweza kumaliza masomo akimjua Leopold II kwa tarehe zake zote, asimjue Mulume Niama hata kwa jina.

Wapo watakaoniambia kwamba tunajua vizuri jinsi ya kuona bila kuongozwa. Ninawaelekeza kwenye terili, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba unaosimama karibu na bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines. Viwanda vya kampuni ya Union Minière vilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911 na mlima ukakua pamoja na mji. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 umekuwa ukichimbwa tena kwa ajili ya kobalti na madini mengine, nao umepungua mbele ya macho ya watu zaidi ya milioni moja. Muulize mkazi yeyote ulikuwa na umbo gani wakati fulani, upande gani ulianza kuliwa, kimetoka nini na kimekwenda wapi. Utapata majibu yanayopingana. Kitu kikubwa kuliko majengo yote ya mji kimepungua huku tukikitazama kila asubuhi, na hatuna hesabu yake ya pamoja, kwa kuwa kutazama peke yake hakuhesabu. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa mlima ulio nyuma ya nyumba zetu, hali ya barafu iliyo mbali upande wa kaskazini inaeleweka.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini, na sitaki kulijibu kwa haraka. Mfuko wa unga unapanda bei, mishahara ya walimu huchelewa, na mimi nazungumzia kutembelea mapango. Lakini tuangalie fedha za safari ya siku moja zinakwenda wapi. Hazihitaji hoteli. Zinamlipa dereva, zinamlipa mwongozaji, zinamlipa mama anayepika bukari (ugali) na samaki kijijini. Safari ya siku moja ni utalii wa mwenye mfuko mdogo, na ndivyo ilivyo Ulaya kwenyewe: wanaojaza treni ya Montenvers si mabwanyenye peke yao. Mkoa wetu wa Haut-Katanga haukosi fedha za kuwasafirisha watu porini. Kila siku mamia ya malori hutoka na kuingia kwa ajili ya shaba na kobalti, na barabara hutengenezwa pale mgodi unapozitaka. Hakuna barabara ya namna hiyo kuelekea Lofoi, maporomoko ya kama mita 340 yanayotoka kwenye uwanda wa Kundelungu kuelekea bonde la Lufira, ambayo ni miongoni mwa marefu kabisa Afrika na yamo ndani ya parki iliyoundwa mwaka 1970. Tumechagua kitu cha kufikia na kitu cha kutofikia. Uchaguzi huo haukulazimishwa na umaskini.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenda mapango wenyewe, nalo lina nguvu: watu huharibu. Pango la Lascaux huko Ufaransa, lenye michoro ya kale, liligunduliwa mwaka 1940 na likalazimika kufungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi na taa za wageni ziliotesha mwani ukutani. Katanga nayo ina michoro, kama ile ya pango la Kiantapo ambayo mtafiti Henri Breuil aliichunguza na kuiandikia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tena kuna hatari ya kinyume, pango kumdhuru mtu. Kule Durba, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, kati ya 1998 na 2000 ugonjwa wa Marburg uliua zaidi ya watu 120, wengi wakiwa wachimbaji wa dhahabu walioingia mashimoni kwenye popo. Uganda, katika pango la popo na chatu la msitu wa Maramagambo, mtalii kutoka Uholanzi aliambukizwa virusi hivyo hivyo na akafariki mwaka 2008. Hayo yote ni kweli, na yote yananiunga mkono. Waganda hawakuliziba pango lao wala hawakuliacha wazi. Waliweka jukwaa la kutazamia kwa mbali, na mgeni hufika pale akiongozwa. Mchimbaji wa Durba hakuwa na mtu wa kumwambia popo wale wanabeba nini. Huku kwetu miamba ya chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, imechimbwa kwa miongo mingi kwa mahitaji ya viwanda, nayo ni miamba ya aina inayozaa mapango. Hakuna anayelihofia pango la namna hiyo kwa sababu ya pumzi za wanafunzi ishirini waliofuatana na mwongozaji. Baruti ndiyo inayolitishia, na baruti hufanya kazi kwa raha pale ambapo hakuna mtu anayeuliza kilichokuwepo jana.

La tatu ni la wanaosema barafu itaisha hata tukiitazama, hivyo kuitazama ni kupoteza muda. Wengine huongeza hofu ya maji: Ruwenzori ikikauka, mto Semliki utakauka, na maziwa nayo. Ukweli unataka tuseme kwamba hofu hiyo imetiwa chumvi. Wataalamu waliopima mito ya Ruwenzori wameonyesha kuwa mchango wa barafu katika maji yake ni mdogo sana. Mvua na mabwawa ya juu ndivyo vinavyoilisha. Kwa hiyo siwezi kuitetea barafu kwa kuwatisha watu kiu. Naitetea kwa sababu nyingine mbili. Kwa Wakonzo na Wanande mlima ule ni makao ya mungu wa mlima, Kitasamba, na kuondoka kwa weupe wake ni msiba ambao wenye mlima wana haki ya kuushuhudia na kuuzungumzia wenyewe badala ya kusomewa kutoka Paris. Na ya pili ni ya haki: Kongo imechangia sehemu ndogo mno ya moshi ulioupasha moto ulimwengu, na katika mikutano ya fidia anayedai lazima awe na hesabu. Hesabu ya Mer de Glace ipo kwenye ngazi. Yetu tunaiazima kwa walioharibu.

Usalama ndio pingamizi ambalo halina jibu zuri leo. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa Virunga katika miongo ya vita, na njia ya Mutsora kuelekea Margherita si mahali pa kupeleka wanafunzi wakati waasi wa ADF wako vijijini. Tena Ruwenzori si safari ya siku moja hata amani ikirudi. Ni ya siku kadhaa za matope. Ndiyo maana nasema tuanzie Katanga, mbali na vita hivyo na palipo na vitu vinavyobadilika. Lofoi lenyewe linatosha kuanzia. Mwisho wa kiangazi maji yake hupungua hadi mengine hugeuka mvuke kabla ya kufika chini, na hakuna anayeandika mwaka gani yalipungua mapema na mwaka gani yalichelewa. Idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ina wanafunzi, taasisi ya hifadhi za taifa, ICCN, ina walinzi wanaoifahamu parki, na vijiji vya chini ya uwanda vina wazee wanaokumbuka maji yalivyokuwa. Vijana wachache wa vijiji hivyo wafunzwe na kupewa leseni. Shule za mjini ziandikishwe kwa zamu, kila moja siku yake. Na kwenye mwamba ulio mbele ya maporomoko kipigiliwe kibao cha kwanza chenye mwaka, ili kundi la mwaka unaofuata likute pa kuanzia kupima.